Nduma za Jumapili ya Mavuno

Mimi si mtu wa kushtushwa na kitu. Niliacha shule darasa la tatu, nikasukuma mkokoteni wa viazi sokoni Karatina, na kabla sijafika miaka thelathini nilikuwa na mashine yangu ya kupasua mbao kule Naro Moru, na lori la kuzibeba. Mti nikiugonga kwa mgongo wa shoka, nakwambia papo hapo kama umeoza ndani. Nimeibiwa, nimechomewa mbao, nimeangukiwa na gogo, na kila mara asubuhi ilinikuta kazini.

Lakini mke wangu alipoanza kukaa na tonge mdomoni bila kumeza, mimi huyo sikusikia kitu. Nilidhani ni meno. Tulipofika hospitali daktari akaniambia ni koo, na kilichoota pale hakiwezi kutolewa tena. Nikamwambia ataje bei. Akaniangalia kama mtu aliyezoea kuulizwa hivyo, akasema hii si ya bei. Nikampeleka kwa daktari mwingine, na mwingine tena. Wote wakasema yale yale.

Hapo ndipo nilipogombana na Mungu. Kanisa letu lile la mawe, mbao za paa nilizitoa mimi, bure, mierezi mitupu, na hakuna asiyejua. Niliona nimelipwa vibaya. Basi Jumapili nikawa namfikisha mke wangu langoni, yeye anaingia na kitambaa chake cha chama cha akina mama kichwani, mimi nabaki ndani ya pikapu yangu, nyimbo zinanifikia kupitia kioo. Hakunilaumu hata siku moja. Akitoka alikaa kando yangu na kuninong'oneza mahubiri yote, maana sauti ilikuwa imekwisha, kama vile mimi nilichelewa tu njiani.

Chini mtoni alikuwa na kishamba cha nduma, magimbi ya kwetu, chake peke yake. Wakati huo hakuweza kumeza kitu kingine ila uji mwepesi, na bado alishuka kupalilia, anakwenda kidogo, anapumzika. Nikamuuliza analima ili ale nani. Akasema mavuno yako karibu.

Kwetu, Jumapili ya mavuno kila nyumba hupeleka mbele ya madhabahu kitu cha shamba, na baada ya ibada vitu vyote hupigwa mnada uwanjani: mkungu wa ndizi, jogoo, debe la maharagwe. Watu hupandishana bei kwa mizaha, na pesa zinakuwa za kanisa. Kuna jambo moja tu ambalo hata mtoto analijua: hununui kilichotoka nyumbani kwako. Ukinunua, ni kama umempa Mungu kisha ukamnyang'anya.

Mwaka ule hakuweza kuinuka. Aliletewa nduma na karai kitandani, akaziosha mwenyewe, udongo wote ukatoka, akazipanga kikapuni.

"Baba watoto," akaninong'oneza, "mwaka huu ni wewe."

Nikasema nitakiacha mlangoni.

"Mlangoni ni pa mbwa. Peleka mbele."

Nikapeleka mbele. Kanisa zima lilinitazama mgongo, na mimi niliyezoea kutazamwa, nilipokitua kikapu, sikujua mikono niiweke wapi. Nje, mzee wa kanisa aliyekuwa anaendesha mnada, rika langu niliyetahiriwa naye pamoja, alinipokea kwa maneno.

"Tajiri, leo petroli imekwisha?"

Watu wakacheka, maana wote walizoea kuniona nimekaa ndani ya pikapu. Nikacheka nao.

Kikapu chake kilipoinuliwa, aliyeanza ni mwenye hoteli wa mjini. Alizitaka azichemshe, ziliwe na chai. Nikaziona nduma za mke wangu kwenye sahani za bati, watu wanazila huku wakibishana siasa. Nikapandisha bei. Akapandisha. Nikapandisha tena. Mwanzoni walicheka, halafu bei ikapita ya mbuzi wa siku hizo, wakaacha mizaha, kwa sababu kila mtu pale alijua zimetoka mikono ya nani. Na mimi kichwani sikuwa nanunua nduma. Nilikuwa nafikiri nikipanda juu vya kutosha, Mungu hatimaye atasikia bei, amwachilie.

Mwenye hoteli akashusha mkono. Rika langu hakupiga kelele ya kufunga mnada. Alinisogelea.

"Sadaka ya nyumba yako huinunui, ndugu yangu. Hata kama ni wewe."

"Nimeshataja bei. Nitalipa."

"Basi lipa. Lakini hazirudi kwako."

Nikalipa. Yeye akachukua kikapu akampa bibi mmoja mzee aliyekaa peke yake nyuma ya kanisa. Bibi akanitakia baraka, akaenda nacho. Nikabaki nimesimama uwanjani kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Nilingoja anikemee. Mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka, bila sauti. Akauliza kama yule bibi ana kuni, maana nduma zile ni za kuchemka muda mrefu. Sikuwa nimefikiria. Nikapakia vipande vya mbao kwenye pikapu, nikampelekea mwenyewe.

Niliporudi nikamwambia, "Nilitaka Mungu anirudishie wewe."

Alichukua muda kupata pumzi.

"Mimi nilishatolewa zamani, Baba watoto. Wewe ingia ukae ndani tu siku za Jumapili. Mvua inakuja."

Alitutoka kabla mvua hiyo haijaisha. Jeneza nilipasua mbao zake mwenyewe, sikumwachia mfanyakazi.

Siku hizi nakaa ndani. Sijaambiwa kwa nini alichukuliwa, na nimeuliza. Kuna Jumapili naimba, na kuna Jumapili nashika benchi kwa mikono miwili mpaka baraka ya mwisho itolewe. Watu huniuliza ugonjwa ule ulinila kiasi gani, madaktari, petroli, dawa. Nawaambia sikuhesabu. Ninachokijua ni kile kikapu tu, ambacho sikula hata kipande: shilingi mia sita na arobaini.