Mvi za Kwenye Filamu

Harufu ya siki ikinipita puani, hata ya kachumbari, narudi Ngezi, mtaa wetu mjini Bunia, katika chumba cha Mama kilichozibwa dirisha kwa blanketi, alimooshea filamu kwa siki. Mama alikuwa mpiga picha. Wakati wa vita dawa ya kusafishia filamu ilikuwa adimu Bunia, basi ile kidogo iliyobaki aliizimua kwa maji mengi, akaimimina katika kopo lenye filamu, akaliacha litulie muda mrefu. Aliligeuza mara moja tu, taratibu, kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Alisema filamu isiyosumbuliwa hutoa sura iliyo wazi, hata mshono wa kola unaonekana. Subira huvuta heri, lakini mimi mikono iliniwasha. Kukaa karibu na kopo bila kuligusa kulikuwa adhabu.

Filamu ninayoikumbuka ilikuwa na picha ya mume wa Mama Neema, jirani yetu aliyekimbia kutoka Djugu. Mumewe aliuawa njiani, nyumba yao ikaungua na picha zote. Ilibaki hiyo moja, ambayo Mama alimpiga alipokuja sokoni Bunia kabla mambo hayajaharibika, nayo ilikuwa bado ndani ya kopo risasi zilipoanza kulia mtaani. Mama alilikumbatia kopo, tukalala sakafuni. Kisha akaona mikono yake inatetemeka. Akaliweka chini polepole, akanivuta mimi.

"Weye njoo," alininong'oneza. "Tutetemeke siye wawili. Ile tuiache ilale."

Niliogopa sana, na nilijua napendwa sana, vyote kwa pamoja.

Risasi zilipokoma, Mama aliiosha filamu, akaianika kwenye kamba. Asubuhi Mama Neema alikuja, akaiinua dirishani. Kwenye filamu cheusi huwa cheupe, na nywele za marehemu, aliyekufa angali kijana, zilikuwa nyeupe pe. Nilitaka kumweleza, Mama akanifinya.

"Ona, bwana yangu iko na mvi," alisema Mama Neema, akicheka na kulia. "Amekuwa muzee."

Mama alitaka kumtolea picha ya karatasi, ambako nywele zingerudi kuwa nyeusi; Mama Neema akakataa. Aliondoka na kile kipande cha filamu, amekifunga katika pindo la kitenge.

Siku hizi simu yangu imejaa picha zinazotoka papo hapo, wala hakuna anayezisubiri. Mama amezeeka. Nikimsuka hunisihi nizing'oe mvi za mbele, watu wasimcheke. Nakataa. Nazichana tu, moja moja, nikimkumbuka mtu asiyezipata ila kwenye filamu.