Niliuza ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu ili kitabu changu kichapwe

Wakuu, nawasalimu wote, na shikamoo kwa mlionizidi umri, ingawa najua humu mmebaki wachache.

Juzi kuna dada aliuliza hapa jukwaani kama alipie pakeji ya kampuni iliyomwahidi kumchapishia kitabu na kumtangaza. Wengi mlimjibu kwa utani. Mimi niliandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Leo naandika na sifuti. Mkiona mahali nimejipendelea, nishikeni hapo hapo.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijiji kimoja nje ya Kahama. Mdogo wangu Masanja hakusoma. Akili alikuwa nazo kuliko mimi, ila zamu ya kuchunga ilimwangukia yeye, mimi nikapelekwa darasani. Alipokua akaenda machimboni upande wa Geita, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Kila akirudi nyumbani ananisimulia, na mimi naandika kwenye madaftari ya shule.

Simulizi iliyomtesa zaidi ilikuwa ya rafiki yake Shija. Duara liliporomoka Shija akiwa chini. Walichimbua siku mbili kwa majembe na mikono, udongo ukawa unazidi kushuka, mwisho wakaambiwa waache. Shija hakutolewa. Alibaki humo humo. Hana kaburi.

Masanja aliponimalizia hiyo habari aliniambia, "Kaka, hii iandike vizuri. Mwenzangu hana hata msalaba wenye jina."

Nikaiandika. Ilikuwa sura ndefu kuliko zote, na nadiriki kusema ndiyo pekee niliyoiandika kwa moyo. Nyingine nilikuwa najionyesha tu.

Basi siku moja nikaona tangazo gazetini: "Waandishi chipukizi wanatafutwa." Ofisi iko Mwanza. Nikapanda basi na madaftari yangu kwenye mfuko wa rambo.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa maneno laini. Jina silitaji. Alifungua daftari la kwanza, akasoma kama nusu ukurasa, akanitazama akasema, "Mwalimu, ulikuwa umejificha wapi?"

Wakuu, sijawahi kusifiwa hivyo maishani. Nilitoka pale natembea kama waziri.

Halafu zikaja barua. Kwanza ada ya kusomewa mswada. Nikatuma. Ikaja ada ya uhariri. Nikatuma. Mwisho ikaja kubwa: jalada, uchapaji na "usambazaji mashuleni nchi nzima". Hiyo mshahara wa mwalimu ulikuwa hauigusi.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Pale Kahama kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya shule, tulizoea kumwita Mzee Hassanali. Nilimpelekea anisomee. Akavaa miwani, akausoma wote, akaurudisha.

"Mwalimu, mimi nauza vitabu miaka mingi. Mwenye kiwanda ananiletea kitabu, mimi nauza, yeye anapata, mwandishi anapata. Huyu wako ameshapata kabla kitabu hakijazaliwa. Sasa atahangaika kukiuza kwa nini?"

Nilimshukuru, nikatoka. Moyoni nikasema huyu ana wivu, hataki mwalimu mweusi awe na kitabu. Aibu ya wazo hilo bado ninayo.

Sasa ng'ombe.

Dada yetu alikuwa ameolewa, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa zizini kwa baba. Kwa sisi Wasukuma mnajua: kaka huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada. Mimi nilishaolewa na serikali, kama baba alivyokuwa anatania kwa kuwa nina mshahara, kwa hiyo wale walikuwa wa Masanja. Alikuwa na mchumba wake, Kabula, na wazee walishazungumza.

Nilikaa na baba na Masanja nikawaeleza kuhusu shule nchi nzima. Nikasema kabla ya mavuno ng'ombe watarudi mara mbili yake.

Baba akamgeukia Masanja: "Ng'ombe ni wako. Sema wewe."

Masanja hakufikiri hata kidogo. "Si ndiyo kitabu chenye Shija? Auze."

Nikauza. Nikasaini.

Miezi ikapita. Barua zangu hazijibiwi. Wazee wa Kabula wakaanza kuuliza, baba akawa anawatuliza kwa maneno. Halafu siku moja nikaitwa Kahama stendi, kuna mzigo wangu umekuja na basi. Maboksi matatu.

Nilifungulia pale pale, nimepiga goti kwenye vumbi.

Jaladani kulikuwa na picha ya ufukwe na minazi. Kitabu cha wachimbaji wa Geita! Makosa yangu ya spelling yote yamo, hakuna aliyegusa kitu. Gundi ilikuwa dhaifu, ukifungua sana kurasa zinabaki mkononi. Nikatafuta sura ya Shija. Haimo. Sura ya sita inaisha, inafuata ya nane.

Nikaenda Mwanza kesho yake. Nilidhani nitakuta ofisi imefungwa. Bora ingefungwa, ningesema nimetapeliwa. Mkurugenzi alikuwepo, akaniagizia na chai. Akafungua mkataba, akaweka kidole: mchapishaji ana ruhusa ya kupunguza kurasa. Akashusha kidole: mwandishi atanunua nakala zake mwenyewe. Akashusha tena: usambazaji utafanyika "soko likiruhusu".

"Na soko halijaruhusu," akasema. "Hii ni sahihi yako, mwalimu?"

Ilikuwa yangu.

Niliporudi nyumbani baba alikuwa ameshaita majirani. Masanja ametoka machimboni, amevaa shati jipya. Nikagawa vitabu, watu wanavipapasa, wananiita mwandishi.

Masanja akasema mbele ya wote, "Kaka, tusomee pale pa Shija."

Wakuu, hapa ndipo nilipokuwa nafuta.

Nilifungua kitabu katikati. Nikakodolea macho ukurasa unaozungumzia bei ya mchele, halafu nikaisema sura ya Shija kwa kichwa, neno kwa neno, nikifunua kurasa kila baada ya muda kama mtu anayesoma. Masanja machozi yanamtoka na wala hajifuti.

Nilipomaliza akasema, "Wabeja sana, kaka." Asante. Mimi ndiye nashukuriwa.

Asubuhi akachukua vitabu vitano ampelekee mjane wa Shija, Mama Ng'washi, aliyekuwa akiuza maandazi Runzewe. Nilimtazama akivifunga kwenye begi. Nilikuwa na muda wa kutosha kumwambia. Nikamwambia safari njema.

Alirudi baada ya siku nne. Nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari. Hakukaa.

"Kaka, Ng'washi anasoma darasa la tano. Amesoma kitabu chote, mama yake amekaa pembeni anasubiri. Jina la baba yake halimo."

Nikamweleza yote. Mkataba, Mwanza, Mzee Hassanali, yote. Nikasema na kuhusu ng'ombe, kwamba hawarudi.

Akasema, "Ng'ombe wanazaliwa. Mimi nimemwambia yule mama kwamba mume wake yumo. Umeniacha nikaseme uongo msibani."

Kisha akaondoka. Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga.

Kabula aliolewa na mtu mwingine baada ya mavuno.

Mimi nilichukua wiki tatu kupata ujasiri. Niliandika sura ile upya kwenye stensili, nikaomba mashine ya kurudufia mitihani, nikapiga nakala za kutosha vitabu vyote vilivyobaki. Nikazibandika kwa gundi ya unga wa muhogo, mpaka vidole vikakakamaa. Kisha nikapanda basi kwenda Runzewe.

Mama Ng'washi hakunikaribisha kwa furaha, na alikuwa na haki. Nikaomba radhi. Ng'washi akasoma kwa sauti. Alipofika mahali nilipoandika kwamba Shija alikuwa mwanaume mrefu, mama yake akamkatisha.

"Shija alikuwa mfupi, mwalimu. Alikuwa ananifikia hapa." Akaonyesha kwenye sikio lake.

Nilichomoa kalamu, nikakata "mrefu", nikaandika "mfupi". Akaendelea kunirekebisha mpaka jioni: wimbo aliokuwa anapenda, jina la kijiji chake. Nililipa ada ya uhariri Mwanza, sikuhaririwa. Aliyenihariri ni mama wa maandazi, bure, tena niliyemkosea.

Masanja alikuja kuoa miaka mingi baadaye, kwa ng'ombe aliowachimba mwenyewe ardhini. Siku ya harusi alinikalisha mbele na wazee. Hajawahi kuitaja ile habari. Mimi ndiye nalala nayo.

Dada uliyeuliza: siku hizi hawatumi barua, wanakuja inbox, wana "pakeji ya dhahabu". Kujilipia uchapaji si dhambi, wapo wanaofanya hivyo wakafanikiwa. Ila usome mkataba kwa lugha unayoielewa. Uliza nani atauza na wapi. Uliza nani ana mamlaka ya kukata maneno yako. Dai kuona kurasa kabla hazijapigwa chapa. Na akikusifu kabla hajamaliza kusoma, chukua mfuko wako uondoke.

Miaka yote hii nikiulizwa kuhusu kitabu nasema niliibiwa. Hapana. Nilionywa, nikasaini, na aliyelipa ni mwingine.

Mliowahi kupitia ya namna hii, wekeni hapa chini dada asome. Na mwenye la kunisema aniseme tu, nipo, nitasoma zote.