Nakamarra Alikataa Kulizika Jina

Mimi ni Napaljarri. Nakamarra ni wifi yangu, kaka yangu marehemu ndiye aliyemwoa, kwa hiyo binti aliyepotea alikuwa wangu pia. Mimi ni shangazi yake. Jina lake sitalitaja hapa. Kwetu, kwenye jangwa la kangaruu, mtu akifa jina lake halitamkwi tena mpaka msiba upoe, na hiyo ni miaka. Walio hai wenye jina hilohilo huitwa Kumanjayi. Ukilitaja unamwita marehemu, naye akiitwa haondoki.

Nakamarra alilitaja kila jioni, tena kwa kipaza sauti.

Binti alipotoweka, wifi alikwenda polisi. Kijana mmoja wa kizungu akamwambia wasichana wa kwetu ni watu wa kuzurura, atarudi pombe ikiisha mjini. Binti ambaye hata bia hakuwahi kuonja! Mimi ningemtemea mate. Nakamarra alitoka nje. Alirudi, akatukusanya akina mama uwanjani, akamwambia kila mmoja achonge rungu lake.

"Wao hawana macho," alisema. "Sisi tunayo. Kazi tutaifanya wenyewe."

Ndivyo doria yetu ilivyoanza. Tulizunguka na Landkruza kuukuu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Mwanamke aliyepigwa tulimpakia na wanawe, tukampeleka nyumba ya akina mama. Mume akija kumfuata alitukuta mlangoni, marungu mapajani, tunakunywa chai. Nakamarra alikaa mbele kabisa, mfupi, mnene, kofia ya timu ya mpira kichwani, akamuuliza kwa upole, "Baba, umepotea njia?" Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine. Wasichana kadhaa wako hai leo kwa sababu ya yule bibi na chai yake, na hakuna aliyetupa hata asante.

Lakini jua likianza kushuka aliwasha kipaza sauti, gari likaenda polepole kando ya mto mkavu, naye akamwita bintiye kwa jina lake zima, arudi nyumbani. Niliogopa, sifichi. Watu walifunga milango. Mbwa walijikunyata chini ya magari. Wengine walisema wamemwona mtu amesimama mchangani, nywele zimemfunika uso, anageuka kila jina linapotajwa. Mimi kuna alfajiri nilisikia mtu nje ya nyumba yangu akikoroga chai. Nilipotoka, kopo langu la chai lilikuwa limekauka na hapakuwa na nyayo ila zangu.

"Wifi, mwache apumzike," nilimwambia.

"Nani kakwambia amechoka?"

"Kama amekufa, unamfunga hapa. Hatapata njia ya kwenda kwa waliotangulia."

"Na kama yu hai, nikinyamaza nimemuua mimi. Siku tukisema Kumanjayi, tutaanza kulia, na polisi watasema, haya, yamekwisha. Nionyesheni mifupa kwanza."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimwacha, na kijiji kizima kikamwacha. Hata wale walioamini amekufa hawakuthubutu kumbadilisha jina mjukuu wa Nakamarra, msichana mwenye mapengo, mbio kama upepo, aliyepewa jina la shangazi yake, huyo huyo aliyepotea. Aliendelea kuitwa vilevile.

Binti yetu alikuwa na mume, Jangala. Kijana mpole wa maneno. Alilia nasi, alitembea nasi vichakani kutafuta, nami nikamwonea huruma; bado najichukia kwa ile huruma. Kwa sheria yetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani wala hawasemezani maisha yao yote. Jangala akitokea, Nakamarra aligeuza mgongo. Hakuwahi hata siku moja kumwangalia usoni.

Basi mchana mmoja tumekaa mbele ya duka tunakula mkia wa kangaruu, Nakamarra kampa Jangala mgongo kama ipasavyo. Watoto wanacheza mpira. Gari la mizigo likaanza kurudi nyuma, na yule mjukuu kainama nyuma yake anatafuta kiatu.

"Kumanjayi!" Jangala alipiga kelele. "Kumanjayi, toka hapo! Gari!"

Mtoto hakugeuka. Halikuwa jina lake. Niliruka nikamvuta mkono, gari likapita.

Ndipo nikalisikia neno lenyewe. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kulitamka neno lile kwa mtoto yule. Mtu huweza kudanganya polisi, na machozi anaweza kuyatafuta akayapata. Ila kumwita kwa jina mtu unayejua kwa hakika amekufa, ulimi wa mtu aliyelelewa kwetu hukataa. Jangala alijua alilosema. Mdomo uliponza kichwa.

Akina mama walisimama na marungu, mimi mbele yao. Nilikitaka kichwa chake, na sioni haya kusema.

"Kaeni chini," alisema Nakamarra.

"Wifi, ni yeye! Hukusikia?"

"Nimesikia. Mkimuua, nani ataniambia mwanangu yuko wapi?"

Hapo akafanya jambo lililoniogopesha kuliko lile jina la kila jioni. Aligeuka. Alimtazama mkwe wake usoni, sheria yote ikavunjika mbele ya macho yetu. Jangala alijifunika uso kwa mikono.

"Jangala. Mwanangu umemweka wapi?"

Alijibu huku ameinamia ardhi. "Kwenye kisima kikavu cha ng'ombe, mama. Kwenye uzio wa zamani."

"Siku ile alikuwa anakwenda wapi?"

"Alikuwa anakuja kwako."

Tulimzunguka tukakaa chini, marungu mapajani, mpaka polisi wakafika. Hakuna aliyemgusa. Walimkuta binti pale pale aliposema.

Siku walipomtoa, jioni ilifika bila kipaza sauti. Nakamarra alikaa mlangoni kwake. Akina mama walimzunguka, wakisubiri, maana kilio cha kwetu hakianzi mpaka mama mzazi aanze. Hakuanza. Mjukuu alikuwa anacheza uani, giza likaanza kuingia, na ilikuwa lazima aitwe ndani. Wifi alifungua mdomo. Niliona jina likimpanda kooni mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Kumanjayi," aliita.

Mtoto alisimama akamkazia macho. "Mimi siitwi hivyo, Bibi."

"Kuanzia leo unaitwa hivyo," alisema Nakamarra, na ndipo akalia.