Kitufe Kilichowakataza Wakwe Harusi

Mpaka leo mtu akitaja harusi ya dada yangu masikio yananiwaka, na ukiniona nageuza uso ujue si maringo, ni aibu, tena aibu niliyojitengenezea mwenyewe kwa vidole vyangu hivi.

Rehema, dada yangu, alikuwa anaolewa hapa Kilwa Masoko na kijana wa kisiwa cha Songo Songo, nami nikapewa kazi ya kualika upande wa bwana harusi. Kwetu mwaliko unapelekwa kwa miguu: unavuka bahari, unapiga hodi nyumba kwa nyumba, unakaa, unataja siku. Mimi boti inanitapisha, halafu najua kutengeneza tovuti (nilijifunza Dar, msinicheke), nikamwambia mama, "Mama, dunia imebadilika, nawatumia ukurasa, wanabonyeza Nitakuja, kwisha." Mama akaniachia. Laiti angenizaba kibao.

Ukurasa ulipendeza, lakini mimi situlii, kila saa naongeza kitu. Nikawaza, mtu akibonyeza mara mbili je, si tutapikia pilau watu hewa? Nikafungua faili la mitindo, lile linaloueleza ukurasa rangi zake na namna kila kitu kinavyojibu kikiguswa, nikataka kitufe kikishabonyezwa kisikubali tena, na mshale ukipita juu yake ugeuke duara lenye mstari wa kukataza. Wazo zuri! Ila kwa pupa yangu amri ile nikaipa kila kitufe, hata ambacho hakijaguswa na mtu. Na sikugundua, kwa sababu mausi yangu ilishakufa, naendesha kompyuta kwa kibodi tu, na amri ile inazuia kidole na mausi, kibodi inaiacha ipite. Nikajaribu, ikakubali, nikatuma.

Kimya. Nakaa, nainuka, naangalia simu, naizima, naiwasha. Hajajibu hata mmoja.

Ijumaa baada ya swala, wanawake wamejaa uani kwetu wanapeta mchele wa harusi, akaingia Bi Mwanaidi, shangazi yake bwana harusi, kanga kaifunga kiunoni kabisa. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetukataza harusi?"

Nyungo zote zikasimama.

"Shangazi, mbona nimewaalika!"

"Umetualika? Kaka yangu, baba yake bwana harusi, kaenda kuufungua huo ukurasa wako kwenye kompyuta ya steshenari, watu wamejaa nyuma yake, kila akisogeza mshale linatokea duara la kukataza. Duara lile tunalijua, liko getini kwenye mtambo wa gesi, maana yake usipite. Kasema kama hatutakiwi, basi hakuna harusi."

Ndani nikamsikia Rehema, hina mbichi mikononi, anaanza kulia. Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi (mjuaji hakosi la kusema) nikaleta kompyuta, nikabonyeza kwa kibodi mbele ya wote, yakatokea maandishi ya asante. "Mnaona?" Jirani akakimbia kwake kuleta mausi, Bi Mwanaidi akaishika mwenyewe, akasogeza polepole. Duara. Akabonyeza, wapi! Akabonyeza tena kwa nguvu, duara linamtazama tu.

"Aaah!" uani kote. Mmoja akasema, "Mtoto kaweka askari mlangoni!" Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mama hakucheka. "Vaa viatu," akaniambia. "Unavuka leo leo."

Nilitapika njia nzima, na aliyenishika mabega ni huyo huyo Bi Mwanaidi, huku ananisema. Tulipofika nikapiga magoti mbele ya mkwe. "Shikamoo baba. Kosa ni langu peke yangu, Rehema hana habari nalo. Nimekuja kuwaalika."

Mzee akanitazama na gauni langu lililolowa chumvi. Akilini nilimwona dada yangu akibaki na hina yake bila mume, nikalia, sikujali tena nani ananiona.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Sisi tumealikwa. Haya inuka, nyumba zilizobaki ni zile kule, kaanze."

Nikazimaliza zote kwa hodi hodi, sauti ikanikauka, na Rehema akaolewa. Siku hizi kitu nikikitengeneza nampa mama akibonyeze kwa kidole chake kwanza. Lakini mwaliko wa harusi, wallahi, mnivushe bahari hata nikitapika utumbo, nitaupeleka kwa miguu yangu.