Urmil Alifunga kwa Ajili ya Mume

Urmil Sachdeva alikuja ofisini kwetu Karnal kuomba talaka kwa sababu ya ukatili. Mimi, karani wa wakili, niliandika madai yake: vipigo, kidole kilichovunjika, kufungiwa nje wakati wa baridi. Nilimwuliza tarehe, akazitaja kama anayesoma orodha ya sokoni. Hakulia.

Sheria yetu ya ndoa haimpi talaka mke aliyekwisha kuusamehe ukatili wa mumewe. Hapo ndipo, mahakamani, wakili wa mume alipobana. Alitoa picha ya mfungo wa Karva, siku wake wanaposhinda bila tone la maji hadi mwezi utokeze, wakiwaombea waume maisha marefu. Pichani Urmil amevaa sari nyekundu, anamtazama mumewe, Tilak, kupitia chekecheke, kama ilivyo desturi ya kufungua mfungo huo.

"Mama, huyu ni nani?" wakili akamwuliza.

"Ni mimi."

"Kidole kilivunjwa lini?"

"Wiki mbili kabla."

"Loo! Mtu akuvunje kidole, nawe umwombee miaka mia? Mbona umependeza hivi? Hata nyusi umechonga!"

Watu wakacheka.

"Alinichonga wifi," Urmil akasema.

Hakimu, mama wa makamo, aliweka kalamu chini. "Binti, kwa nini ulifunga?"

"Kwa sababu ya chakula cha alfajiri, mheshimiwa. Siku ya mfungo, mama mkwe lazima amlishe mke wa mwanawe kabla jua halijachomoza. Majirani huuliza amempa nini. Alinipa maandazi ya kukaanga, tambi za maziwa, komamanga. Mwezi ule mzima jiko lilikuwa na kufuli. Siku ile nilishiba."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe, aliyeketi upande wa Tilak, alikuwa akitengeneza mtandio wake.

Habari ya kufuli haikuwamo katika madai. Kurasa kumi na moja niliandika, na sikumwuliza kama alikuwa anakula.

Wiki tatu baadaye hakimu alisoma hukumu: mfungo ule haukuwa msamaha, ndoa imevunjwa. Urmil aliniuliza, "Kaka, ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha, dada. Tilak akitaka kukata rufaa, ana siku tisini."

Ukumbini Tilak alimzuia. "We Urmil, sasa mwaka huu nani atanifungia?"

"Sijui," Urmil akasema, akampita, akaenda kusimama kwenye foleni ya nakala za hukumu. Alikuwa wa sita.