Manju wa Songwa na Maneno ya Kichina

Ngoma za Wasukuma zilikuwa hazinihusu. Baba yangu Mzaramo aliyekuja bara na biashara zake, mama yangu Mmanyema wa Ujiji, na ngoma niliyoielewa mimi ni ile ya harusi yenye sinia la pilau karibu. Lakini nikikumbuka jinsi Bujiku Maduhu alivyousimamisha uwanja mzima wa Songwa kwa maneno ya Kichina, mwili unanisisimka mpaka leo. Mtu akinikatisha nikiwa katikati ya kisa hiki nakasirika kwelikweli, kwa hiyo tusikilizane.

Ilikuwa miaka ile baada ya nzige, dhahabu ilipowakusanya watu Nyarugusu kutoka kila upande. Mimi nilikuwa na mgahawa wa nyasi karibu na mashimo, nauza chai, mandazi na maharage. Bujiku alichimba kwa Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mluzi, kwa sababu alikuwa akipiga mluzi tangu anaamka hadi anapovua viatu. Sisi Wazaramo ni watani wa Wasukuma, basi Bujiku alikunywa chai yangu huku akinitukana, nami nikamtukana huku namwongezea sukari. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Alikuwa mtu mrefu, bega moja limeshuka kidogo kwa mizigo aliyobebeshwa wakati wa vita vya Mjerumani. Alichukuliwa kijana kutoka nyuma ya ng'ombe wa baba yake, akatembezwa mpaka kusini kabisa. Wenzake waliobahatika kurudi walirudi na homa. Yeye alirudi na nyimbo za makabila ambayo hata majina yao hakuyajua. Kwao Songwa akawa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma wa kundi la Bagalu, na kila baada ya mavuno aliacha sururu akaenda kushindana na kundi pinzani la Bagika.

Usiyeijua mbina ya Wasukuma nikueleze. Makundi mawili yanasimama ncha mbili za uwanja mmoja na kuanza kwa wakati mmoja, ngoma juu ya ngoma, kelele juu ya kelele. Hakuna mwamuzi wala kikombe. Watu wanakimbilia pale panapowavutia, wakichoka wanakimbia kurudi kule, na manju anayeitikiwa na umati hadi jua linapoinama ndiye mshindi. Kila manju ana dawa yake ya kuvuta watu na kila manju anaficha wimbo wake mpya, maana wimbo uliokwisha sikika kabla ya siku yake huhesabiwa maiti.

Bujiku alikuwa ameshindwa mavuno mawili mfululizo. Aliyemshinda ni Masele wa Bagika, ambaye Bujiku mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika ngoma, na hilo lilimuuma kuliko kushindwa kwenyewe. Wachezaji wake wakamwendea kwa heshima zote, wakamwambia kwamba umati ukiwakimbia tena, wao nao watahamia kwa Masele. Hawakumwambia kwa ubaya. Lakini manju asiye na wachezaji ni mtu anayeimba peke yake shambani, na Bujiku aliniambia wazi kwamba siku hiyo ikifika heri asirudi Songwa tena.

Basi asubuhi moja Bwana Mluzi aliingia mgahawani kwangu. Alizoea kutuamrisha kwa neno lake moja, chopuchopu, akitaka kazi iende haraka, na chakula alikiita chau. Bujiku, aliyekuwa akiwinda maneno kama wengine wanavyowinda kanga, alimuuliza kama Waingereza wote husema hivyo. Mzungu akacheka. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, kwamba hayo si maneno ya babu zake. Ni ya Wachina. Waingereza waliyaokota katika bandari za Uchina wakiwa na merikebu zao, wakaenda nayo kwao, na sasa watu ambao hawajamwona Mchina hata mmoja wanayasema mezani na watoto wao.

Bujiku aliweka kikombe chini. Akamtaka Bwana aseme mengine.

Yule Mzungu naye alifurahi kuulizwa, maana nani hapa alikuwa akimuuliza jambo lolote zaidi ya posho? Akatuambia habari ya kautau. Ni kupiga magoti mbele ya mfalme wa Uchina na kugonga paji la uso chini. Mabwana wakubwa wa Kiingereza walipotakiwa kufanya hivyo walikataa kupiga goti, lakini neno lenyewe wakalibeba wakaondoka nalo. Akatuambia ule mchuzi mwekundu wa chupa aliokuwa akiumwaga juu ya kila kitu, jina lake kechapu nalo ni la Kichina, na zamani ulikuwa mchuzi wa samaki. Halafu akanyanyua kikombe changu, chai yangu mwenyewe niliyoipika kwa mkono wangu, akasema hata kinywaji hiki. Wao wanakiita tii, sisi tunakiita chai, na yote mawili ni ya Wachina. Wachina wa pwani moja waliitamka te, ikapanda merikebu hadi Ulaya. Wengine waliitamka cha, ikaenda na misafara ya nchi kavu hadi Uajemi na Uarabuni, na mwisho ikafika kwetu.

Wallahi nilikitazama kikombe kile kama mtu aliyeambiwa mpangaji wake ni mjomba wake. Miaka yote nauza chai, na kumbe mimi na Mzungu tulikuwa tumekopa kwa mtu mmoja! Bujiku yeye alikuwa amesimama. Macho yanang'aa, bega lililoshuka limepanda. Bwana Mluzi alipotoka akanishika mkono akanivuta mpaka nyuma ya jiko.

"Mtani, umesikia? Hawa wanaotuamuru, na midomo yao ina viraka."

Nikamwambia nimesikia. Akaniapisha nisiseme neno kwa mtu, hata kwa mke wangu Mwaisha, mpaka siku ya mbina. Nikaapa, na nilikitunza kiapo kile, ingawa Mwaisha alinisumbua sana kutaka kujua kwa nini nacheka peke yangu.

Sasa sikia alichofanya yeye mwenyewe. Wimbo hauwezi kutungwa kwa kufikiri tu. Lazima upigwe, uvunjwe, upigwe tena. Na Bujiku alikuwa kutwa yuko shimoni na wenzake wanaponda mawe ya dhahabu, na mawe hayapondwi bila wimbo. Akajiambia kwamba shimo lina kina, sauti haitoki. Akayatia maneno yale katika wimbo wa kuponda. Yeye anauliza haraka ya Mluzi ni nini, wenzake wanashusha nyundo: chopuchopu. Chakula cha Mluzi? Chau. Magoti ya Mluzi? Kautau. Mawe yalipondeka vizuri mno, hata Bwana Mluzi alikuja kusimama ukingoni, akasikiliza, akaitikia yeye mwenyewe bila kujua anaimbwa.

Alichosahau mtani wangu, na ni mtunzi wa nyimbo tu anayeweza kusahau jambo kama hilo, ni kwamba sauti haitoki shimoni lakini wachimbaji hutoka. Walikuwa wa Kagongwa, wa Kishapu, wa kila mahali, na kila aliyekwenda kwao kulima au kuzika alikwenda na wimbo kinywani.

Siku zilipotimia nilifunga mgahawa nikafuatana naye. Tulipanda lori la pamba, tukashuka, tukatembea, na njia nzima alikuwa amechangamka kama bwana harusi. Alisema Masele atakimbia siku hiyo. Nami niliamini. Songwa palikuwa pamefurika watu, vumbi limesimama angani, wanawake wamejipaka mafuta, wazee wamekuja na viti vyao. Wachezaji wa Bujiku walimsalimia vizuri, lakini niliona wanaangalia upande wa Masele zaidi ya upande wake.

Ngoma zikaanza. Kabla Bujiku hajafungua mdomo, Masele kule ng'ambo alipaza sauti yake ile nzuri, Mungu amsamehe, akauliza haraka ya Mzungu ni nini. Na uwanja mzima ukamjibu: chopuchopu.

Sijapata kuona uso wa mtu ukizimika namna ile. Umati ulihama mbele ya macho yetu, unakimbia kwenda kwa Masele, wazee na viti vyao. Wachezaji wa Bujiku walilegea mikono. Mmoja alianza kujivua njuga za miguuni, polepole, kwa aibu. Mimi damu ilinichemka. Nilimwambia Bujiku kwa sauti kwamba uwanja huu umejaa wezi watupu, kwamba si Masele peke yake, tazama, hata vikongwe wanayajua maneno, hata watoto wa mgongoni, hakuna hapa asiyeuimba wimbo wako.

Nilisema kwa hasira. Lakini yeye aligeuka akanitazama kama mtu niliyempa ng'ombe.

"Wote wanaujua?"

"Wote, mtani. Huoni?"

Akainua mkono, akanyamazisha ngoma zake. Nilitaka kumzuia! Kundi likinyamaza katikati ya mbina ni kama limekubali kushindwa, na wachezaji wake nao walidhani hivyo. Lakini ukimya ule, upande mmoja wa uwanja uliokuwa unanguruma, ulifanya watu wageuke kutazama kuna nini. Wakamwona Bujiku anatembea peke yake kuja katikati ya uwanja, mikono mitupu.

Akaimba. Hakuimba ule wimbo wa shimoni. Aliimba mwingine, anautunga pale pale, na kituo chake kilikuwa swali. Neno hili mnaloimba, limetoka wapi? Akawaambia limelala kwenye merikebu, limekula na mabaharia, limeshuka Ulaya likavaa viatu. Akawaambia habari ya jani moja la Uchina lililozaa majina mawili, moja likapita baharini, moja likapita nchi kavu, yakaja kukutana mezani kwa Mzaramo mchoyo wa sukari, yasijuane. Watu walicheka hadi wakashikana, na mimi nilitamani kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja. Akaimba habari ya Mzungu aliyekataa kupiga goti, akaiba jina la goti. Kila alipofika kwenye neno aliliacha, akanyamaza, akangoja. Na watu walilijua. Walimjibu wote, kwa sababu lilikuwa limekwisha wafika. Angefanikiwa kuuficha wimbo ule, nani siku ile angeweza kumwitikia?

Umati ukaanza kurudi. Haukukimbia sasa, ulisogea, ukamzunguka. Kisha akageuka kumwelekea Masele, akaimba hivi, na hapa namnukuu kadiri Kisukuma changu kinavyoniruhusu:

"Mwingereza kalipata kwa Mchina, mimi nimelipata kwa Mwingereza, nakuona nawe unalo, Masele. Limekupendeza. Lichukue, nimekupa."

Uwanja ulilipuka. Akina mama walipiga vigelegele, wazee wakasimama juu ya viti. Yule aliyekuwa akijivua njuga alizifunga upya haraka hata akafunga mguu mmoja mara mbili. Wachezaji wa Bagika walikuwa bado wamesimama na Masele, wamekaza nyuso, lakini Bujiku alipouliza chakula cha Mluzi ni nini, midomo yao ilijibu kabla wao hawajaamua. Chau. Wakatazamana. Akauliza tena, wakajibu tena, sasa wanacheka, na miguu yao ikaanza kuja.

Masele alibaki na ngoma yake peke yake. Nilimtazama kwa jicho baya, nakiri, nikimngojea aondoke. Bujiku akauliza magoti ya Mluzi ni nini, na safari hii aliuliza taratibu, anamtazama mwanafunzi wake usoni. Masele aliishusha ngoma yake chini. Kisha akajibu, kwa ile sauti yake nzuri, na alipojibu uwanja mzima ulinyamaza kumsikia.

Jua lilipoinama, na hakuna aliyebisha nani kashinda, Masele alikuja tulipokaa. Aliinama, akamwita Bujiku kwa jina la mwanawe, akasema, "Shikamoo, Baba Mageni." Bujiku akaitikia marahaba. Masele akasema ana mbina nyingine Kagongwa, na anauliza kama ataruhusiwa kuuimba huko wimbo wa leo, ule wa jani, au kama ni siri.

Nilifungua mdomo nimjibu mimi, maana nilikuwa na jibu. Bujiku akaniwekea mkono gotini.

"Imba," alimwambia. "Kisha uwaachie huko huko. Nikipita Kagongwa nataka nikute wanasema ni wa kwao."