Mkono wa Polisi Pale Njia Panda

Jamani, msinicheke sana. Juzi nilimbeba mke wangu Zaina kwa pikipiki kwenda sokoni hapa Kindu, nikijigamba njia nzima kwamba hakuna alama ya barabarani nisiyoijua. Kufika njia panda, dada mmoja polisi akainua mkono. Miaka ya vita, kwenye vizuizi vya wanajeshi, mkono ule ulikuwa na maana moja tu. Kabla sijafikiri, nilishashuka, nimepiga magoti katikati ya barabara, mikono kichwani. Honi zikalia nyuma yangu.

"Inuka, papa, inuka," polisi akasema taratibu, akinionyesha wanafunzi waliokuwa wakivuka. "Njo watoto wa masomo tu wanapita."

Nikageuka nimwombe Zaina radhi kwa kumwaibisha. Alikuwa kando yangu, kikwembe chake kipya cha kitenge vumbini, amepiga magoti, mikono kichwani.